Nani Akae na Nani? Samaki wa Tangi Letu la Kioo

Kiswahili chetu kina mzaha wake. Samaki wasiokaa baharini tunawaita samaki wa maji baridi. Sasa njoo Lodwar mwezi wa Februari, saa nane za mchana, utie mkono katika mtungi ulioachwa nje ya bweni, kisha uniambie ubaridi uko wapi! Wengine husema samaki wa maji matamu. Haya, teremka hadi Kalokol, uchote maji ya Ziwa Turkana kwa kiganja na unywe funda moja. Utamu huo utausimulia mwenyewe. Nimeanza na maneno haya kwa sababu mwaka huu nimejifunza jambo moja: mtu akitaka kuchagua samaki, asianze na samaki. Aanze na maji.

Habari yenyewe ni hii. Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi, alituletea tangi la kioo la kufugia samaki, pamoja na pampu ndogo ya hewa na chujio. Urefu wake ni sentimita 100, upana 40, kimo 50. Kwa hesabu za kidato cha kwanza, hizo ni lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20. Tangi likakabidhiwa Klabu ya Sayansi. Nami, kwa kuwa ni katibu wa kamati, nikaambiwa niandike ripoti: tuweke samaki gani, wangapi, na nani akae na nani. Mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili aliposikia, akasema ripoti nzuri isilale kabatini, iandikwe jaridani kwa lugha ya watu. Basi ndiyo hii mnayoisoma.

Swali la kwanza halikutoka klabuni. Lilitoka nyumbani kwetu Kakuma, likizo ya Aprili, kinywani mwa nyanya yangu.

"Mitungi kumi, mjukuu wangu?" aliniuliza. "Na samaki wenyewe hawaliwi?"

"Hawaliwi, nyanya. Ni wa kutazamwa."

Akatafuna tumbaku yake kimya, kisha akasema, "Hao samaki wamesoma shule gani hata wachotewe maji?"

Watu wote nyumbani walicheka, hata mimi. Lakini kicheko kilipokwisha, swali lilibaki limenikwama kama mfupa kooni. Nyanya yangu alikuwa msichana wa kuchimba visima katika mchanga wa laga ya Tarach. Wakati wa kiangazi shimo huenda chini mpaka mtu asionekane, na maji hupandishwa karai kwa karai, mkono kwa mkono, hadi mbuzi wanywe. Mtu kama huyo akikuuliza habari ya mitungi 10, humjibu kwa maneno ya kitabuni. Nikajiapiza kwamba ripoti yangu lazima imjibu nyanya kabla haijamjibu mwalimu mkuu.

Basi nikaanza kusoma, kuuliza na kupima. Nikagundua kwamba wanaofuga samaki kwa busara hujiuliza maswali manne. Nitayaeleza moja moja.

Swali la kwanza ni maji. Maji ya kisima chetu cha kuchimbwa kwa mashine ni magumu. Huhitaji maabara kujua hayo: sabuni haitoi povu upesi, na sufuria za jikoni zina utando mweupe kama chokaa. Tulipotia karatasi ya kupimia asidi, rangi ilituonyesha 8 na zaidi kidogo. Maana yake, maji yetu yameegemea upande wa magadi, si wa ndimu. Hapo hapo tukawaaga samaki wengi wazuri wa picha. Yuko samaki mdogo aitwaye neoni, ana mstari wa buluu unaowaka kama taa ya gari usiku. Kwao ni mito ya Amazon, ambako maji ni laini na yana asidi kidogo. Ukimleta katika maji yetu ni kama kumleta mtu wa Limuru na koti lake zito, umwambie acheze mpira hapa saa saba mchana. Samaki wa dhahabu naye, anayependwa sana mahotelini, si wa nchi za joto hata kidogo. Yeye hupenda maji yenye ubaridi wa kweli.

Na joto je? Vitabu vyote tulivyosoma vilituagiza tununue kifaa cha kupashia maji moto. Kamati nzima iliangua kicheko. Sisi shida yetu ni kinyume! Kipimajoto chetu, tangi lilipokuwa chini ya mabati karibu na dirisha, kilisoma nyuzi 33 wakati wa alasiri. Hatari ya joto si joto lenyewe tu. Maji yakiwa na nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni katika kila lita, lakini yakifika nyuzi 30 hushika kama 7 na nusu tu. Na ajabu ni kwamba samaki mwenyewe katika joto huhitaji hewa zaidi, si pungufu. Ndiyo maana samaki wa maji moto huonekana wamepanga midomo juu kama watoto wanaongoja uji. Tukalihamisha tangi hadi chumba cha nyuma cha maabara, chenye kuta nene na kivuli cha mwarobaini, na pampu ya hewa ikaunganishwa na betri ya paneli ya jua ili isikatike usiku. Tangu hapo joto halijapita nyuzi 30.

Kuna jambo jingine kuhusu maji ambalo lilinifurahisha kwa sababu lilinirudisha ziwani kwetu. Maji ya tangi yakipungua kwa jua, kinachoruka ni maji peke yake. Chumvi hubaki. Ukiongeza tu maji mapya ya kisima kila mara, unaongeza chumvi juu ya chumvi, na mwishowe samaki wako anaogelea katika mchuzi. Hii ndiyo hadithi ya Ziwa Turkana. Mto Omo kutoka Ethiopia huliletea ziwa sehemu kubwa sana ya maji yake, kama asilimia 90. Turkwel na Kerio huleta kidogo kilichobaki. Lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Jua na upepo hunyonya zaidi ya mita 2 za maji kila mwaka, na chumvi inabaki pale pale. Kwa hiyo mwenye tangi hana budi kufanya kile ambacho ziwa haliwezi kufanya: kutoa maji ya zamani, kisha kutia mapya.

Swali la pili ni subira. Hili najua mtalichekea, maana mlilicheka kweli kweli. Tulijaza tangi, tukawasha pampu, tukatandika changarawe tuliyoichemsha, kisha hatukuweka samaki hata mmoja kwa wiki tano. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakibandika pua kwenye kioo, wanauliza, "Kwani samaki wenu ni wa kuonekana na waliookoka peke yao?" Wengine wakaliita kanisa lisilo na waumini. Lakini haraka haraka haina baraka. Samaki, kama kiumbe chochote, huchafua mahali anapoishi, na uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika maji kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hawauzwi sokoni Lodwar. Huzaliana wenyewe katika chujio na changarawe, polepole, wiki nne hadi sita, mradi uwape chakula. Sisi tulitia chembe za chakula cha samaki kila siku zioze humo. Na kwetu subira hii ni lazima zaidi kuliko kwingine, kwa sababu amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na yakiegemea upande wa magadi. Maji yetu yana yote mawili! Tulipopima tukaona amonia na naitraiti zote zimeshuka hadi sufuri, ndipo tukajua kwamba nyumba iko tayari kwa wageni.

Swali la tatu ni ukubwa na mdomo. Hapa ndipo mjadala ulipoanza kupamba moto. Wenzangu wengi walitaka samaki wa kwetu. "Ziwa letu lina aina 50 hivi za samaki," walisema, "kwa nini twende Nairobi kununua?" Mimi mwenyewe moyo wangu ulikuwa upande huo. Kuna samaki katika Ziwa Turkana ambao hawapatikani popote pengine duniani. Lakini hebu tuwatazame wale tunaoweza kuwapata kwa wavuvi.

Wa kwanza ni sangara, ambaye wengine humwita mbuta. Akiwa mdogo kama kidole anapendeza. Lakini sangara hakui kwa adabu. Anaweza kupita urefu wa mtu na uzito wa kilo 100. Na mdomo wake hauulizi jina: kinachoingia, kinamezwa. Wa pili ni ngege. Huyu ni mla mwani, mtu wa amani ukimwona sahanini. Ila dume lake, msimu wa kuzaa ukifika, hufukua changarawe yote, hujitengenezea shimo lake na kumfukuza kila apitaye. Naye hukua hata kupita nusu mita, wakati tangi letu lina upana wa sentimita 40. Hangeweza hata kugeuka! Wa tatu ni bunju wa mtoni, yule anayejijaza hewa akawa kama mpira. Kila mtu alimtaka kwa vituko vyake. Lakini meno yake huvunja konokono, na mapezi ya jirani kwake ni mchezo tu. Huyo hukaa peke yake. Nyama yake nayo ni sumu, kwa hivyo hata akifa msimpe paka. Wa nne ni kambare wa umeme. Huyu sitaki hata kumzungumzia, kwa sababu ninyi ninawajua, mngemtia mkono makusudi.

Swali la nne ni tabia. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi watoto wa wafugaji hatuhitaji kuelezwa. Yuko samaki wa Asia aitwaye beta, mapezi yake kama leso za harusini. Weka madume wawili pamoja, watapigana hadi mmoja afe. Wako samaki wa Ziwa Malawi waitwao mbuna. Hao maji yetu yangewafaa sana, maana ziwa lao pia ni la maji magumu. Wana rangi za manjano na buluu kama kanga mpya. Lakini kila dume anataka jiwe lake, na mwenye kuanza hajui kuwapatanisha. Tukawaacha, ingawa roho ziliuma.

Sasa nifike kwenye kikao chenyewe. Darasa lilijaa pomoni, hata madirishani kulikuwa na vichwa. Mmoja wa kidato cha nne, msemaji hodari wa midahalo, akasimama kupinga samaki wa kununuliwa. Akatoa kisa cha Ziwa Viktoria. Na kisa chenyewe ni cha kweli: miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara alipelekwa huko, ambako hakuwepo. Alikaa kimya miaka mingi, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka mno. Wale samaki wadogo waitwao fulu, waliokuwa wa aina mamia, wakaanza kutoweka. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea, ingawa uchafu wa maji nao ulichangia. Msemaji akamaliza kwa sauti kubwa: "Mnaona basi! Mgeni akija, mwenyeji anaisha. Na hiyo si kwa samaki peke yake!"

Wengine wakapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa dawati moja na rafiki yangu, ambaye wazazi wake walitoka Kongo na ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Kakuma, kambini. Sikumtazama. Niliona tu mkono wake ukiacha kuandika. Sisi sote tulijua maneno yale yalikuwa yanaelekea wapi. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa, na mpaka leo kuna siku watu hugombana kwa kuni, kwa mfereji, kwa kazi. Mambo hayo yapo, na si siri kwa mtu wa Kakuma kama mimi.

Rafiki yangu akainua mkono. Mwenyekiti akamruhusu. Akasimama, akauliza kwa upole, na kile Kiswahili chake cha Kikongo ambacho huwa mnapenda kumwigiza: "Ndugu yangu, ule sangara wa Viktoria, yeye alitoka wapi?"

Msemaji akanyamaza. Mwalimu wa Bayolojia akatabasamu, akasema, "Jibu lipo. Wengine walitoka Ziwa Albert, Uganda. Na wengine walitoka hapa hapa, Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Ziwa Rudolf."

Wacha darasa liangue kicheko! Kumbe yule mgeni mla watu ni mwenyeji wetu! Hata msemaji mwenyewe alicheka, akakaa chini akijifunika uso na daftari.

Kicheko kilipotulia, ikawa zamu yangu kusoma ripoti. Niliweka karatasi chini kidogo, nikasema nilichokuwa nacho moyoni. Sangara anaishi katika ziwa letu na ngege na wengine tangu zama za kale, wakati ziwa lilipokuwa limejaa hata likafurika kupitia tambarare za Lotikipi, kaskazini ya Kakuma, hadi kuungana na maji ya Nile. Hajawamaliza. Wamekua pamoja, kila mmoja anajua kina chake na maficho yake. Kule Viktoria alibebwa na watu, akamwagwa, na wavuvi wa fulu hawakuulizwa. Ubaya haukuwa wa samaki. Ubaya ulikuwa wa mkono uliombeba bila kufikiri. Na tena, nikasema, samaki hana kinywa cha kusema naomba nipishe. Sisi tunacho. Mtu akija kwetu tunaweza kuketi naye chini ya mti wa wazee tukazungumza habari ya kisima na kuni mpaka jua lishuke. Kwa hiyo tafadhalini, tusimpime binadamu kwa kipimo cha samaki.

Mlezi wa chama aliniomba nimalize insha hii kwa funzo kwamba Kakuma ni kama tangi moja lenye samaki wa rangi nyingi. Kwa heshima zote, mwalimu, nimeshindwa. Tangi lina mwenyewe, naye ndiye huamua nani aingie na nani atoke. Sidhani kuna mtu yeyote, mzaliwa au mgeni, anayependa kutazamwa kupitia kioo. Methali moja tu inanitosha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila nikipita soko la Kakuma na kuona samaki wakavu wa ziwa letu wakinunuliwa na akina mama wa Kongo, huku Mturkana aliyewaleta akihesabu noti zake, naona wahenga hawakukosea.

Turudi kwa samaki. Uamuzi wa kamati, baada ya kura, ulikuwa huu: samaki aina ya gapi, madume watupu, 12 kwa jumla.

Kwa nini gapi? Asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi za jirani. Anapenda maji magumu, hata yale yenye magadi kidogo. Nyuzi 29 au 30 anazivumilia, ingawa joto kama hilo hufupisha maisha yake. Tuliona ni heri kuchagua samaki anayelivumilia joto kuliko kupoteza maji ya watu tukijaribu kulipoza. Urefu wa dume ni kama sentimita 3, kwa hiyo lita 200 ni uwanja mpana kwake. Hamdhuru jirani. Na mkia wake, jamani, kila mmoja una rangi zake!

Kwa nini madume watupu? Dada mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama hiyo si dhuluma. Mwingine akajibu, "Ati dhuluma! Ni shule ya bweni ya wavulana tu." Sababu yenyewe ni nzito. Gapi hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, na jike mmoja huweza kuhifadhi mbegu za dume na kuzaa tena na tena kwa miezi. Ukianza na jike watatu, mwaka haujaisha unao mamia. Na mwenye mamia ya samaki hutafuta pa kuwapeleka. Shule yetu haiko mbali na Turkwel, na Turkwel huingia Ziwa Turkana. Siku moja mtu mwenye huruma atabeba ndoo jioni, aseme, "Wacha niwaachilie maskini hawa wajitafutie." Hivyo ndivyo madhara huanza. Kamba wekundu wa Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970, wakala mimea ya majini na kulibadilisha ziwa. Ziwa letu lina mzigo wake tayari. Mbuga zake ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1997, na mwaka wa 2018 zikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mabwawa ya Mto Omo. Haifai watoto wa Turkana wenyewe waongeze mgeni asiyealikwa. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuchukua konokono wala majani kutoka mtoni kuja tangini. Konokono wengine wa maji hubeba kichocho.

Samaki walisafiri kwa basi kutoka Nairobi kupitia Kitale, ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni na kufungwa katika boksi. Walikuja 6 kwanza, ili bakteria wasielemewe, na wengine 6 baada ya mwezi. Kila mfuko tuliuelea tangini, tukatia maji yetu kikombe kwa kikombe kwa muda wa nusu saa na zaidi, samaki azoee. Mmoja alikufa siku ya tatu. Waliobaki 11 wazima mpaka naandika haya.

Na nyanya? Mwezi wa Agosti nilimpelekea jibu. Nilimwambia tumeweka kifuniko cha kioo. Kabla ya kukiweka, maji yalikuwa yakishuka karibu sentimita nzima kwa siku, ambayo kwa tangi letu ni lita 4. Sasa sentimita hiyo inachukua siku nyingi. Nikamwambia kila Jumatano tunatoa lita 30 na kurudisha 30 nyingine, na yale yaliyotoka hayamwagwi. Yana naitreti ambayo mimea huipenda kama mbolea, nasi huyapeleka kwa sukuma wiki za jikoni na miche ya mwarobaini nyuma ya bweni. Mitungi 10 ya mwanzo tuliitoa katika mgao wa klabu wenyewe, mtungi mmoja kila siku, tukafua nguo chache zaidi.

Nyanya akatafakari. "Kumbe ni maji ya kukopa," akasema. "Basi kopeni, ila mrudishe." Sijapata mhakiki mkali kuliko huyo, na nimeridhika na alama alizonipa.

Ndugu zangu wa madarasa ya chini, mwaka ujao sisi wa kamati hatutakuwapo. Nawaachia tangi, vipimo na daftari la hesabu ya kila wiki. Msiongeze samaki kwa sababu ni mzuri wa rangi. Muulizeni maji yake, ukubwa wake, mdomo wake na tabia yake, kisha mngoje. Mkishindwa kumtunza, mtafutieni mfugaji mwingine, lakini mtoni asiende. Na atakayetaka kujiunga nasi, milango ya maabara iko wazi kila Jumatano baada ya masomo ya jioni. Ada ya kuingia ni moja tu: njoo na mtungi wako.